Nimekalia Kiti, Nimeacha Kuuliza

Shikamoo, Mzee.

Mimi ni mama wa miaka 46, naishi mlimani upande wa Moshi Vijijini, na ni mwenyekiti wa bodi ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Kabla ya kuchaguliwa nilikuwa mwanachama wa kawaida ambaye watu walimfahamu kwa maswali yake. Katika mikutano mikuu mimi ndiye niliyesimama kuuliza kwa nini makato yameongezeka, kwa nini malipo ya pili yamechelewa, na kwa nini dawa ya mibuni imenunuliwa kwa bei ile wakati dukani mjini ilikuwa chini. Nadhani maswali hayo ndiyo yaliyonipa kura.

Tangu nikalie kiti, siulizi tena. Wajumbe wengi wa bodi yetu ni wanaume walionizidi umri, na mara ya kwanza nilipoomba kuelezwa maana ya tarakimu moja katika taarifa ya mhasibu, mjumbe mmoja alisema, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, kwamba mwenyekiti anayeuliza hajui kazi yake. Kuanzia siku hiyo natikisa kichwa hata pale ambapo nimeelewa nusu.

Msimu uliopita karani wa kituo chetu cha kumenya kahawa, kijana wa miaka 26 mwenye stashahada ya ushirika, aliitwa kutoa taarifa ya mapokezi. Alipomaliza aliomba kuuliza swali. Alitaka kujua kwa nini kahawa mbivu inayoletwa jioni hulala kwenye magunia hadi asubuhi ndipo imenywe, wakati ile ya mchana humenywa papo hapo, na kama tumewahi kuangalia iwapo kahawa hizo mbili hupata daraja moja. Wazee walikasirika, wakasema chama kimeendeshwa hivyo tangu enzi za baba zao. Sikuwa na jibu, na nilitaka kikao kiendelee, kwa hiyo nilimwambia akae na aheshimu wakubwa. Tangu hapo analeta taarifa fupi na safi, isiyo na swali wala tatizo. Mnadani bei ya kahawa yetu ilikuwa chini ya ile ya chama jirani, na hadi leo hakuna aliyeniambia sababu.

Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Binti yangu yuko kidato cha tatu na anauliza kila kitu. Hivi karibuni alimwuliza bibi yake kwa nini zamu za maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, hupangwa na wanaume peke yao ilhali wanaokwenda shambani kumwagilia ni wanawake. Mama mkwe alinigeukia akasema kwamba binti wa maswali mengi hatakaa kwa mume, nami nikamnyamazisha mtoto.

Naomba unisaidie, Mzee. Je, kiongozi akiuliza mbele ya anaowaongoza, hasa akiwa mwanamke, hapotezi heshima? Nifanye nini na kijana huyu bila kuwavunjia wazee heshima? Na je, udadisi wa mtu ukishapoa unaweza kurudi katika umri wangu, au hilo nimwachie binti yangu?

Mwenyekiti, Moshi Vijijini

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na swali la karani wako kabla ya kufika kwako mwenyewe, kwa sababu msimu hausubiri na kwa sababu ndani ya swali hilo moja kuna karibu kila jambo unaloniuliza.

Kijana ameuliza jambo la msingi. Tunda la kahawa likishachumwa haliachi kubadilika: sukari iliyomo katika nyama yake huanza kuchachuka, na likiwa limebanwa ndani ya gunia, mahali pasipopita hewa, joto hupanda na mchachuko huenda kasi bila mtu kuudhibiti. Ndiyo maana wataalamu wa kahawa wamekuwa wakisisitiza kwamba kahawa mbivu imenywe siku ileile ilipochumwa, kisha ichachushwe kwa kipimo ndani ya matangi ili ute ulioshikamana na punje ulegee, ioshwe, na ianikwe kwenye vichanja kwa tabaka jembamba. Mchachuko wa ndani ya tangi una msimamizi. Wa ndani ya gunia hauna, na ladha yake mwonjaji mzoefu huitambua mara moja. Sisemi kwamba hapo ndipo bei yenu ilipoangukia, kwa kuwa bei ya mnadani hutegemea mengi, yakiwemo ukubwa wa punje, kasoro zake, unyevu na hali ya soko la dunia wakati ule. Ninachosema ni kwamba swali lake lina njia ya kujibiwa, na njia hiyo haipiti katika umri wa mtu yeyote aliyekuwa ndani ya kikao kile.

Kwa hiyo msimu utakapofunguliwa, mpe kazi ya kulijibu. Kahawa ya jioni igawanywe mafungu mawili: moja limenywe usiku uleule, hata kama itabidi kulipa posho ya watu wa zamu, na la pili lilale kama mlivyozoea. Mafungu yote yachachushwe, yaoshwe na kuanikwa kwa namna moja, kila moja kwenye kichanja chake chenye kibao cha tarehe, na zoezi lirudiwe kwa siku kadhaa, maana siku moja ya mvua inaweza kuwapa jibu la uongo. Kisha sampuli zipelekwe kwa waonjaji zikiwa na namba tu, pasipo kuwaambia ipi ni ipi. Gharama ya kazi ya usiku nayo iandikwe, kwa kuwa huenda daraja likapanda kidogo na posho ikala faida yote, na hilo pia mtakuwa mmelijua badala ya kulikisia. Zoezi hili litolewe na bodi kwa maandishi, na msimamizi wake awe mmoja wa wazee waliokasirika. Mzee aliyesimamia kwa macho yake hawezi kuona kwamba ametukanwa na mtoto, na ikiwa matokeo yataonyesha kwamba kahawa iliyolala haikuharibika, kijana naye atakuwa amejibiwa kwa heshima inayomstahili.

Hoja ya wazee wako kwamba chama kimeendeshwa hivyo tangu enzi za baba zao siikubali, na siikubali kwa ajili ya baba zao. Mbuni haukuwa mmea wa Kilimanjaro. Uliletwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima wa Kichagga ambao hawakuwahi kuulima waliujaribu chini ya migomba, ndani ya vihamba vyao, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, wakaona kwamba unakubali. Walowezi wa Kizungu walipinga Waafrika kulima zao hilo. Wakulima waliungana mwaka 1925 katika chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro kilichoitwa KNPA, chini ya Joseph Merinyo, ili wapate kwa pamoja dawa za wadudu na magonjwa na wauze kahawa yao kwa pamoja, na mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ikachukuliwa na chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, ambacho ni miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vya kwanza katika bara la Afrika. Mwaka 1934 utafiti wa kahawa ulianza Lyamungu, na mpaka leo taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, TaCRI, iko hapohapo, ikizalisha miche ya aina zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Huo ndio urithi wa baba zao: watu waliopokea kitu kigeni, wakakijaribu, wakataka kujua nani anakinunua na kwa bei gani, na hawakukubali kuambiwa kwamba mambo hayo hayawahusu. Waambie wazee hivyo, kwa upole, kwa sababu ni kweli na kwa sababu ni sifa yao wenyewe.

Sasa nije kwako.

Ulipokuwa mwanachama wa kawaida, habari zilikufikia bila kuzitafuta. Ulisimama kwenye foleni ya mizani, ukamsikia mama mmoja akilalamika kwamba amepunjwa, na mwingine akieleza kwamba mumewe ameuza kahawa kwa mlanguzi kwa sababu ada ya shule haikuweza kusubiri malipo ya chama. Tangu ukalie kiti, habari kama hizo ama hazifiki kabisa au hufika zikiwa zimesafishwa. Mhasibu anataka taarifa yake ipite, meneja anataka mkataba wake uongezwe, na mjumbe anataka kijiji chake kitangulie kupata miche, kwa hiyo kila mmoja anachagua la kukuambia. Si lazima wawe waongo. Cheo kinafanya hivyo kwa kila anayekipata, hata aliye mwema. Ndiyo maana naamini kwamba udadisi, ambao kwa mwanachama ni tabia nzuri tu, kwa kiongozi ni sehemu ya kazi, sawa na kuhudhuria vikao. Asiyeuliza hujua machache zaidi kila mwaka anaokaa kitini, na wakati huohuo sahihi yake inazidi kuwa na nguvu juu ya mali za watu.

Taarifa safi za karani wako ni ushahidi wa jambo hilo. Hakuacha kuona matatizo, ameacha kukuletea. Wazee wetu walisema mkubwa ni jaa, na jaa likianza kuchagua taka, watu huacha kulipelekea, lakini taka zenyewe hazipungui. Hurundikana majumbani mpaka watu waugue.

Usimwite kijana ofisini peke yake ukadhani hilo linatosha. Alinyamazishwa mbele ya kikao, na mbele ya kikao ndipo anapopaswa kurudishiwa nafasi yake. Inatosha useme kwamba katika kikao kilichopita karani aliuliza swali ambalo bodi haikulijibu, na kwamba kiti kinapendekeza lijibiwe kwa majaribio. Hapo hakuna mzee aliyetajwa wala kuaibishwa. Baadaye, mkiwa wawili, mfundishe kile ambacho stashahada haikumfundisha: kwamba swali lipitie kwa mwenyekiti, kwamba aje na daftari lenye tarehe na uzito wa kahawa ya jioni, kwamba mzee aliyeendesha kituo kile kwa miaka mingi aulizwe kwanza alichokiona. Adabu inahusu namna ya kuuliza. Haihusu iwapo mtu anaruhusiwa kuuliza, na hapo ndipo mimi na wazee wako tunapoachana njia.

Kuna utaratibu mmoja mdogo ambao ningependa uuanzishe. Kila taarifa ya kituo iwe na sehemu ya mwisho ya kuandika mambo ambayo wahusika hawakuyaelewa au yaliyowashinda katika kipindi hicho, na taarifa ambayo sehemu hiyo iko tupu irudishwe kwa aliyeiandika. Mwanzoni wataandika mambo madogo ili kutimiza sharti tu. Wakiona mara ya kwanza kwamba aliyeandika tatizo la kweli hakukaripiwa, na kwamba tatizo lake lilishughulikiwa, wataandika makubwa. Yote yanategemea sura yako siku utakaposoma habari mbaya ya kwanza, na siku hiyo utakuwa unatazamwa kuliko unavyodhani.

Kuhusu heshima, sitakudanganya kwamba kuuliza hakuna gharama. Mwanamume akiuliza maana ya tarakimu husifiwa kwamba ni makini, na mwanamke akiuliza swali hilohilo huambiwa hajui kazi. Hiyo ni dhuluma ambayo hukuianzisha wewe, na kikao kimoja hakitaimaliza. Lakini dawa yake si kutikisa kichwa. Agiza taarifa zote zikufikie angalau wiki moja kabla ya kikao, uzisome ukiwa na kalamu, na yale yasiyoeleweka umwulize mhasibu mezani kwake, ambako hakuna wa kunong'ona. Zipo tarakimu chache ambazo kila mwenyekiti wa chama cha kahawa anapaswa kuzijua kama anavyojua majina ya watoto wake. Kwa mfano, kahawa kavu iliyotoka kichanjani ikiwa bado na ganda lake jembamba, ikipelekwa kukobolewa, kila kilo 100 hutoa takribani kilo 80 za kahawa safi. Mwenyekiti anayelijua hilo akiona hesabu inaonyesha kilo 72, haulizi maana ya tarakimu. Anauliza kilo 8 ziko wapi, na hapo chumba kizima kitakaa kimya kusubiri jibu. Swali lililotanguliwa na maandalizi hujenga heshima, na mtu anayekejeli swali la namna hiyo anajishuku mwenyewe.

Hata hivyo nisikuache ukidhani kwamba maswali ya mezani kwa mhasibu yanatosha. Zipo siku ambazo itakupasa kusema waziwazi, mbele ya wote, kwamba hukuelewa na unaomba uelezwe tena. Nimekaa katika vikao vingi vya ushirika maishani mwangu, na ninaweza kukuhakikishia kwamba pale ambapo mwenyekiti hakuelewa, huwa kuna wajumbe wengine watatu au wanne ambao nao hawakuelewa na wanasubiri mtu wa kuwafungulia mlango. Ukiufungua, umewasaidia, na umelinda chama. Bodi ndiyo inayowajibika kwa usimamizi wa chama chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, atakapoketi na vitabu vyenu hatajali kwamba ulipitisha jambo kwa sababu mjumbe mmoja aliguna.

Mwalimu Nyerere alilielewa jambo hili vizuri kuliko wengi wanaomnukuu. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio lililotangazwa hapa jirani Arusha, alitaja mambo matatu ambayo elimu ya Tanzania ilipaswa kuyajenga kwa kila raia, na la kwanza kabisa lilikuwa akili ya udadisi. La pili lilikuwa uwezo wa kujifunza kwa yale wanayofanya wengine, kisha kuyakataa au kuyarekebisha kulingana na mahitaji yetu. La tatu lilikuwa mtu kujiamini kwamba yeye ni mwanajamii huru na aliye sawa na wenzake. Nimekuwa nikiutafakari mpangilio huo kwa miaka mingi, na naona kwamba la tatu ndilo linaloliwezesha la kwanza. Mtu huuliza pale tu anapojiona ni sawa na anayemwuliza. Karani wako aliposimama, alikuwa anaamini kwamba chama ni chake pia. Kwa hiyo kilichopotea siku ile ni kikubwa kuliko swali lenyewe, na wewe mwenye kiti ndiye unayeweza kumrudishia imani hiyo.

Nikuonye pia, kwa kifupi. Udadisi ninaousifu si ule wa kutaka kujua nani analala wapi na nani amejenga kwa fedha zipi pasipo kuwepo shaka yoyote ya wizi. Huo huharibu vijiji. Wala si kuuliza kusikoisha ambako kiongozi hukutumia ili asiamue. Kahawa inachumwa kwa msimu, na swali lililojibiwa baada ya mnada kufungwa limewasaidia walanguzi tu.

Sasa swali lako la mwisho, la iwapo udadisi ukipoa hurudi. Kwa jinsi ulivyojieleza, hamu yako ya kujua haijapoa hata kidogo. Kilichopungua ni ujasiri wa kuonekana hujui. Ujasiri huo hurudi kwa mazoezi, na mazoezi ni bora yaanzie mahali ambapo hakuna anayekutazama kwa cheo chako. Nenda Lyamungu kama mkulima, ukaulize kuhusu aina mpya na zile za zamani kama N39 na KP423 ambazo bila shaka zimo vihambani kwenu, zinadai dawa kiasi gani kwa mwaka na zinazaa nini. Nenda ukashinde asubuhi moja na waonjaji, uonje kahawa yenu na ya jirani kutoka vikombe viwili, uulize wanaonja nini hasa. Soma kitu kisichohusu kahawa kabisa. Watu wengi wa umri wako huacha kujifunza kwa sababu wanadhani kila wanachojifunza lazima kiingie kazini kesho yake, jambo ambalo linachosha upesi. Miaka 46 si kitu, mwanangu. Nawajua wazee waliojifunza kupandikiza miche ya parachichi wakiwa na wajukuu wa sekondari, na mikono yao ilikuwa na haraka kuliko ya vijana.

Kuhusu binti, ninaomba uniruhusu kusema kwa ukali kidogo. Mwaka 1963, kijana mwingine wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Nafasi ya jokofu ilikuwa finyu, kwa hiyo aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto bila kusubiri yapoe, na baadaye akakuta yake yameganda ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, bado hayajaganda. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba na si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaigeuza kauli hiyo kuwa ya kumzomea kila alipokosea hesabu. Siku moja Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitembelea shule hiyo, na Mpemba akasimama akauliza swali lilelile mbele ya wanafunzi waliokuwa wakimcheka. Osborne hakulijua jibu. Alisema atalijaribu, na aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, ambaye alileta habari kwamba maji ya moto kweli yalitangulia kuganda, kisha akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Fundi yule alikuwa na jibu mkononi na bado hakuamini, kama wazee wako ambavyo huenda wasiamini kichanja cha kwanza. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha utafiti wao, na wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapo juu yetu mlimani. Wanafizikia wanaendelea kubishana mpaka leo kuhusu sababu za jambo hilo na hata kuhusu mazingira ambamo hutokea, na duniani kote linaitwa kwa jina la Mpemba.

Walimu wale wawili walikuwa na elimu kuliko mwanafunzi wao. Osborne aliwazidi kwa jambo moja tu, kwamba alikuwa tayari kusema mbele ya darasa zima kwamba hajui na atajaribu. Nakuomba uwe hivyo kwa binti yako. Simjui mume atakayemwoa, lakini mama mkwe wako sikubaliani naye, na nasema hivyo nikiwa na umri unaokaribia wake. Binti aliyefundishwa kunyamaza nyumbani hawezi kugeuka mwenye sauti siku atakapokabidhiwa wodi ya wagonjwa, darasa au chama cha msingi.

Swali lake la mfongo ni la haki, nalo lina historia. Mifongo ya Kilimanjaro ilichimbwa na kutunzwa na wanaume wa ukoo, na zamu za maji zilifuata waliochimba. Lakini anayemwagilia leo siye lazima aliyechimba jana, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua jumuiya za watumiaji maji, ambamo mwanamke anayetumia maji ana haki ya kukaa na kuchangia. Usilijibu swali hilo peke yako. Mwombe mama mkwe amsimulie mjukuu nani alichimba mfongo wenu, nani alipigwa faini kwa kuiba maji, na wakati wa ukame wa ujana wake zamu zilipangwaje, kwa kuwa yeye ndiye anayeyajua hayo hapo nyumbani na huenda hakuna aliyewahi kumwuliza. Yale asiyoyajua, ofisi za Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ziko hapahapa mjini Moshi, na likizo ya Juni inatosha kwa bibi, binti na wewe kushuka kwenda kuuliza pamoja.